Si Kila Mguu wa Kukandwa: Funzo Kutoka kwa Wakimbiaji wa Njoro

UKITOKA mjini Nakuru asubuhi na mapema kwa barabara kuu iendayo Eldoret, kisha gari likate kushoto kwenye njia panda ya Njoro, hewa hubadilika hata kabla utingo hajamaliza kukusanya nauli. Nakuru yenyewe si bondeni, kwani iko kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Lakini Njoro imezidi mita 2,100. Abiria hufunga madirisha, akina mama huwavuta watoto ndani ya leso, na mbele yako, ng'ambo ya mashamba ya ngano, mahindi na viazi, msitu wa Mau huonekana ukiwa bado umejifunika ukungu.

Ndani ya ukungu huo ndimo wanamotokea wakimbiaji. Wengine ni wawili wawili, wengine ni kundi la watu kumi wenye suruali za jezi na kofia za baridi zilizovutwa hadi masikioni. Hufuata barabara za vumbi zinazopita kati ya mashamba, na ile iendayo Chuo Kikuu cha Egerton na kupanda hadi Mau Narok. Mama aliyebeba mtungi wa maziwa huwapisha bila ya kushangaa. Hapa mtu kukimbia bila kufukuzwa na yeyote si kioja.

Msomaji mpendwa, wengi wetu tunaokaa mijini huwaona wanariadha wakati mmoja tu, wanapokata utepe na kuinua bendera. Hatuwaoni saa nne ya asubuhi, mbio za mazoezi zinapokwisha. Wakati huo utamwona kijana amelala kifudifudi juu ya mkeka au gunia safi, kivulini, na mwenzake amepiga magoti kando yake, mikono imemeremeta mafuta, akimchua nyama ya nyuma ya mguu kuanzia kifundo hadi gotini. Mara kijana hukunja uso, mara husinzia. Baada ya nusu saa huinuka, akarusharusha miguu, akasema amekuwa mwepesi.

Je, ni kweli amekuwa mwepesi? Na je, huenda mikono hiyohiyo inayomliwaza ikamuumiza? Maswali haya ndiyo yaliyotufikisha Njoro, na hakuna mahali panapofaa zaidi kuyauliza.

MJI WA MAJARIBIO

Njoro ni mji uliozoea kujaribu kabla ya kuamini. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mlowezi Lord Delamere aliweka ranchi yake hapa. Mifugo yake ikafa kwa maradhi, na alipogeukia ngano, nayo ikaliwa na kutu, ule ugonjwa unaoacha unga mwekundu kwenye shina. Ilibidi atafutwe mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazoweza kuhimili. Mnamo 1927 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha mbegu ambacho hadi leo kinafanya utafiti wa mazao, sasa kikiwa chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Jirani yake, Lord Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939, iliyokua ikawa chuo, na kufikia 1987 ikawa chuo kikuu kamili.

Kutu mpya iliyogunduliwa nchini Uganda mwaka 1998 ilipotishia ngano ya dunia, ilikuwa Njoro, kuanzia 2005, ambako mbegu kutoka nchi nyingi zilianza kuletwa na kupandwa makusudi zishambuliwe. Ile inayonusurika ndiyo inayofikiriwa kupewa mkulima. Ile inayonyauka hutupwa, hata ikiwa na jina kubwa namna gani.

Basi na tuupime ukandaji wa misuli kwa kipimo hichohicho cha Njoro.

MGUU NDIO SHAMBA

Kwanza ni vyema kuelewa ni kwa nini jambo hili si la anasa. Katika eneo hili la kati la Bonde la Ufa, ardhi imegawanywa ikagawanywa tena mpaka kijana wa nne katika nyumba hurithi mistari michache ya mahindi. Kwa kijana wa aina hiyo, mguu ndio shamba. Majeshi yetu, polisi na magereza wamekuwa na timu za riadha kwa miaka na mikaka, na mkimbiaji hodari huweza kupata kazi huko. Wengine hutafuta udhamini wa masomo ng'ambo. Wengine hutegemea zawadi za mbio za mitaani, ambazo hulipa karo ya ndugu wadogo.

Ndiyo sababu mwanariadha anayeumwa hukimbilia mkandaji kabla ya daktari. Mkandaji yuko karibu, hulipwa kidogo au halipwi kabisa, na hamwambii apumzike wiki sita. Daktari humwambia hivyo, na wiki sita za mapumziko kwa mtu anayetegemea mbio ni kama wiki sita za njaa. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

KAZI YA ZAMANI

Kukanda si kitu kilicholetwa na meli. Lugha yetu yenyewe inatupa ushahidi. Neno tunalotumia kwa unga wa chapati, kukanda, ndilo hilo tunalotumia kwa mgongo wa mgonjwa. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na mama mkwe au nyanya. Pwani, bibi harusi husingwa siku kadhaa kabla ya kutolewa nje. Katika vijiji vingi yupo mzee anayejua kuchua, ambaye watu humwendea wakitegua kifundo.

Huko Ulaya, aliyeupanga ukandaji katika mitindo inayofundishwa hadi leo alikuwa daktari Mholanzi, Johann Mezger, katika karne ya 19. Mitindo hiyo ukiitazama si migeni. Upo wa kuteleza kwa kiganja kuelekea moyoni, wa kufinyanga msuli kama donge la unga, wa kusugua mahali pamoja kwa kidole gumba, wa kupigapiga kwa ukingo wa mkono, na wa kutikisa. Ukandaji wa wanamichezo ni mitindo hiyo, ila umepangwa kufuata ratiba ya mazoezi. Kabla ya shindano huwa mwepesi na wa haraka. Baada ya shindano huwa wa taratibu. Siku za katikati ndipo mkono huruhusiwa kuzama zaidi.

Hata mabingwa hawauachi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na desturi ya kukandwa mara mbili kwa wiki kambini Kaptagat, chini ya mtaalamu wake wa viungo wa miaka mingi, Peter Nduhiu. Lakini angalia, msomaji: mara mbili kwa wiki, kwa mtu mmoja anayeujua mwili wake, aliye na elimu ya kazi hiyo. Wengi huona mikono wakasahau elimu iliyo nyuma yake.

KILICHONUSURIKA NA KILICHONYAUKA

Sasa tuje kwenye majaribio. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha uchunguzi uliokusanya pamoja tafiti 29 zilizohusisha watu 1,012. Walitaka kujua kama ukandaji humfanya mwanamichezo awe na nguvu zaidi, aruke juu zaidi, akimbie kwa kasi zaidi au astahimili zaidi. Jibu likawa kwamba hakuna ushahidi wa hayo. Lakini walipata kuwa ukandaji husaidia kidogo katika mambo mawili: mwili kunyumbuka, na kupungua kwa yale maumivu yanayomshika mtu siku moja au mbili baada ya zoezi kali, yale yanayokufanya ushuke ngazi kinyumenyume.

Miaka minane kabla ya hapo, yaani 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikuwa wamechungulia ndani ya msuli wenyewe. Vijana 11 wa kiume waliendesha baiskeli za mazoezi mpaka wakachoka kabisa. Kisha mguu mmoja wa kila kijana ukakandwa kwa dakika 10, na wa pili ukaachwa. Vipande vidogo vya msuli vikatolewa na kupimwa. Katika mguu uliokandwa, dalili za uvimbe wa ndani zilikuwa zimepungua, na seli zilionyesha ishara ya kujijenga upya.

Ila jambo moja ambalo kila mkandaji hulitaja, kwamba anatoa asidi ya laktiki, halikuonekana. Kiwango kilikuwa sawasawa katika miguu yote miwili. Utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Queen's, pia Kanada, uliotolewa 2010, uligundua kuwa kukanda mara tu baada ya zoezi huweza hata kuzuia damu kupita vizuri msulini. Kwa kweli asidi hiyo huondolewa na mwili wenyewe kwa muda wa saa moja hivi, na kutembea polepole au kukimbia taratibu huiharakisha kuliko mikono ya mtu.

Kwa hivyo kilichonusurika ni hiki: ukandaji hupunguza maumivu, hulegeza, humtuliza mtu na kumpa usingizi mzuri. Si haba. Mkimbiaji aliyelala vizuri huamka na hamu ya kazi. Kilichonyauka ni ahadi kwamba ukandaji humpa mtu mbio asizokuwa nazo, au kwamba hutibu kila jeraha.

MAHALI MIKONO HUDHURU

Waama, mara nyingi ukandaji mbaya humwachia mtu alama za kuvilia damu na maumivu ya siku mbili, kisha yakapita. Lakini yapo mambo manne ambayo kila mzazi na kila mwanafunzi anayecheza angepaswa kuyajua.

La kwanza ni jeraha jipya. Mchezaji akipigwa teke pajani au msuli ukichanika, damu huvuja ndani. Kumkanda siku hiyohiyo kwa nguvu, tena kwa maji ya moto, huongeza kuvuja huko. Wakati mwingine msuli uliopondwa na kusuguliwa huota chembechembe za mfupa ndani yake, na paja likawa gumu kwa miezi. Kwa siku mbili tatu za mwanzo linalotakiwa ni kupumzika, kitu cha baridi kilichofungwa kitambaani, bendeji isiyobana mno, na mguu kuinuliwa.

La pili ni ufa wa mfupa. Mtu anayeongeza kilomita upesi mno huweza kupata ufa mwembamba kwenye mfupa wa muundi au wa wayo. Huanza kama maumivu madogo mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole. Huzidi akikimbia, na baadaye humsumbua hata usiku kitandani. Mkandaji asiyejua hudhani ni msuli uliokaza, akabonyeza papo hapo. Maumivu hupumbazwa kidogo, kijana hurudi barabarani, na ufa huwa mvunjiko kamili. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ni msimu mzima uliopotea, pengine na kazi iliyotarajiwa.

La tatu ndilo la kuogofya zaidi, damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Huweza kumpata mtu aliyekaa muda mrefu kwenye basi au ndege, aliyefungwa plasta ngumu, au aliyelazwa. Mguu mmoja tu, kwa kawaida nyuma chini ya goti, huvimba, huwa na joto na huuma. Ukiukanda, bonge la damu huweza kung'oka likasafiri hadi mapafuni, na mtu akafa ghafla. Mguu wa namna hiyo haukandwi kamwe. Hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

La nne ni hali ya mwili mzima. Mwenye homa asikandwe, kwani ugonjwa ulioko ndani hauondolewi kwa mafuta. Mwenye jipu, kidonda kilicho wazi au mabaka ya ngozi asikandwe mahali hapo, na mkandaji anayetoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa anaweza kuhamisha ugonjwa wa ngozi timu nzima. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mama mjamzito, waulize daktari kwanza.

MAFUTA NA SINDANO

Kuna pia suala la kile kinachopakwa. Mafuta ya nazi au ya kawaida ya kujipaka hayana neno. Lakini katika vibanda huuzwa marashi na dawa za kusugua zisizo na lebo, na wengine huenda mbali zaidi, wakamwambia kijana kwamba maumivu yake yatakwisha kwa sindano moja.

Mwanariadha akubali sindano kwa mtu asiye daktari kwa hasara yake mwenyewe. Kuanzia Januari 1, 2022, kanuni za dunia zinakataza wakati wa mashindano sindano zote za dawa za jamii ya kotisoni, ambazo hutumiwa sana kutuliza viungo vilivyovimba. Kenya nayo ina sheria yake ya kupambana na dawa za kusisimua misuli tangu 2016. Katika sheria hizo, mchezaji ndiye anayebeba mzigo wa kila kinachopatikana mwilini mwake. Kusema "nilidungwa na mkandaji" hakumwokoi mtu.

MLANGO USIFUNGWE

Jambo la mwisho ni zito, na katika familia nyingi halisemwi mezani. Ukandaji ni mkono wa mtu juu ya mwili wa mwingine. Wanaokandwa mara nyingi ni vijana, wengine wasichana wa shule za upili, na anayewakanda ni mtu mzima ambaye pengine ndiye pia kocha, ndiye anayechagua nani ataenda mashindanoni.

Marekani ilipata funzo chungu. Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya mazoezi ya viungo, kwa miaka mingi aliwadhulumu wasichana kwa kisingizio cha tiba, mara nyingine mzazi akiwa chumbani humohumo. Alipohukumiwa mjini Lansing Januari 2018, wanawake zaidi ya 150 walisikizwa, naye akapewa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Wengi walisema kuwa walihisi kuna ubaya, lakini waliambiwa huyu ni mtaalamu, nyamazeni.

Basi kanuni ziwe wazi. Mtoto asikandwe peke yake ndani ya chumba kilichofungwa. Awepo mzazi, mwalimu au mwenzake. Nguo zinazofunika sehemu za siri zisiondolewe. Mkandaji aseme kabla ni wapi anagusa na kwa nini. Na neno "hapana" au "inatosha" likitoka, mikono iondoke mara moja, bila ya kisirani na bila ya kulipiza kisasi siku ya kuteua timu.

UTAMJUAJE ALIYE MWEMA?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika kazi hii, methali hiyo inapinduka. Anayekandwa sharti aulizwe, tena aulizwe mengi. Mkandaji mwema huanza kwa maneno kabla ya mafuta: Kijana wangu, unaumwa wapi? Tangu lini? Uliangukaje? Maumivu hukuamsha usiku? Mguu umevimba? Una homa? Unatumia dawa gani? Akishapata majibu hayo, mara nyingine husema, "Huu si wa kukanda, nenda hospitali." Huyo ndiye wa kumshika, ingawa siku hiyo amekataa pesa zako.

Anayelaza mtu na kuanza kubonyeza bila ya swali, anayeamini kwamba kulia kwako ni ishara ya kupona, anayeahidi medali, huyo muage kwa adabu.

Nchini Kenya, wataalamu wa tiba ya viungo husimamiwa na baraza lao lililowekwa kwa sheria ya 2014, na mtu ana haki ya kuuliza kama anayemtibu amesajiliwa. Hospitali kuu ya Nakuru si mbali na Njoro. Nauli ya matatu kwenda huko ni ndogo sana ikilinganishwa na msimu mzima wa kukaa nyumbani.

Na wewe uliye mjini, ambaye hukimbii ila kwa kuwahi basi, au mwanao anacheza kandanda shuleni, unaweza kufanya mengi kwa mikono yako mwenyewe. Misuli ikiuma siku moja baada ya mchezo, nawa mikono, paka mafuta kidogo, teleza kwa kiganja kutoka chini kwenda juu kwa dakika 10 hivi. Shinikizo liwe la kuleta raha wala si machozi. Epuka uti wa mgongo, nyuma ya goti, kinena na sehemu ya mbele ya shingo. Maumivu yakidumu zaidi ya wiki, au yakiwa mahali pamoja pa ncha ya kidole, acha kukanda.

Wataalamu wa mbegu wa Njoro hawamdanganyi mkulima kwamba mbegu moja inafaa kila shamba. Humwuliza udongo wake, mvua yake na urefu wa mlima wake. Mguu wa mtoto wako nao unastahili heshima hiyo: uulizwe kwanza, ndipo ukandwe.